Anachostahili kujua mgeni kabla ya kuonja kahawa na vileo vya Ugiriki

MGENI anayeketi katika mkahawa jijini Athens na kuagiza "kahawa ya Kituruki" hatafukuzwa, lakini asishangae mhudumu akimrekebisha papo hapo kwamba hiyo ni kahawa ya Kigiriki. Kinywaji chenyewe hakina tofauti kubwa na kile kinachonywewa Istanbul, Beirut au Cairo, na hata chombo cha kukipikia ni kimoja. Kilichobadilika ni jina, na jina hilo lina historia ya uhasama.

Kahawa, ambayo asili yake ni Uhabeshi na ambayo ilianza kunywewa na Masufi wa Yemen katika karne ya 15, iliingia Istanbul katikati ya karne ya 16. Kutoka huko ilisambaa katika miji yote iliyokuwa chini ya himaya ya Waosmani, ikiwemo ile ya Ugiriki. Wagiriki waliiita ya Kituruki bila kinyongo, hata baada ya kujipatia uhuru wao katika karne ya 19.

Mambo yalianza kubadilika kadri uhusiano wa mataifa hayo mawili ulivyozorota katika miaka ya 1950 na 1960. Kisha, mnamo Julai 1974, majeshi ya Uturuki yalivamia kisiwa cha Cyprus kufuatia mapinduzi yaliyochochewa na utawala wa kijeshi wa Athens. Tangu wakati huo, jina la zamani likawa kama tusi. Wenye mikahawa waliyafuta maandishi ya awali na kuandika "kahawa ya Kigiriki", na kizazi kilichozaliwa baadaye hakijui jina jingine. Uturuki nayo haikunyamaza. Mnamo 2013 utamaduni wa kahawa ya Kituruki uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi zisizoshikika za binadamu.

Msomaji wa Kiswahili ana kila sababu ya kutabasamu anaposikia ubishi huu. Kikombe kidogo cha kahawa hiyo Wagiriki hukiita flitzani, Waturuki hukiita fincan, na Waswahili wa pwani hukiita finjani. Vivyo hivyo, kafes ya Mgiriki, kahve ya Mturuki na kahawa ya Mswahili ni watoto wa neno moja la Kiarabu. Aliyewahi kuketi barazani Lamu au Mombasa akapokezwa kahawa chungu hatakuwa mgeni kamili katika mkahawa wa Athens.

Tofauti iko katika upishi. Kahawa ya pwani hupikwa katika dele kubwa juu ya makaa, na mashapo hubaki chomboni. Kahawa ya Kigiriki hupikwa kwa kipimo cha kikombe kimoja au viwili katika kisufuria chenye mpini mrefu kiitwacho briki, na mashapo yote humiminwa kikombeni pamoja na kinywaji.

Buni husagwa hadi ikawa laini kama unga. Mpishi humimina maji baridi kwenye briki, akatia kijiko cha kahawa na sukari kiasi alichoagizwa, akakoroga, kisha akaliacha lichemke kwa moto wa polepole. Kazi kubwa ni kulikodolea macho. Kahawa huanza kuumuka kandokando na kujenga povu zito liitwalo kaimaki, na hapo ndipo briki hutolewa motoni kabla kahawa haijatokota. Kahawa iliyofika mezani bila povu ni aibu kwa aliyeipika. Katika mikahawa michache iliyoshikilia desturi, briki hufukiwa kwenye majivu au mchanga wa moto ili joto lipande taratibu, na ladha yake ni bora kuliko ile ya jiko la gesi.

Kwa kuwa sukari hupikwa pamoja na kahawa, ni lazima mteja aseme mapema jinsi anavyoitaka. Sketos ni isiyotiwa sukari kabisa, metrios ni ya wastani, na glykos ni tamu. Kuomba sukari baada ya kikombe kuletwa ni kuchelewa, maana ukiikoroga utaibua mashapo yaliyotulia na kuiharibu kahawa yote. Maziwa hayatiwi.

Kikombe huletwa pamoja na glasi ya maji baridi, ambayo wengi hutangulia kuyanywa ili kusafisha kinywa. Mnywaji husubiri dakika moja hivi mashapo yatulie, kisha hunywa kwa mafunda madogo na kuacha tope lililo chini. Wapo wanaopindua kikombe juu ya kisahani na kusoma bahati katika michirizi ya tope hilo, licha ya Kanisa la Orthodoksi kukemea ramli za kila aina.

Jambo linalowashinda wageni wengi ni muda. Kikombe ambacho kingemalizwa kwa mafunda manne huweza kumweka Mgiriki kitini kwa saa nzima au zaidi. Mkahawa wa jadi, kafeneio, haukujengwa kwa ajili ya kuuza kahawa tu. Ni mahali ambapo wanaume wa kijiji walisomewa magazeti, wakacheza bao la tavli, wakachezea tasbihi zao na kubishana kuhusu siasa. Ubishi huo ulifikia kilele katika miaka ya 1980, ambapo vijiji vingi vilikuwa na mkahawa "wa kijani" wa wafuasi wa chama cha PASOK na mwingine "wa buluu" wa wafuasi wa New Democracy. Mtu alijulikana chama chake kwa mlango aliouingia asubuhi. Wanawake, kwa miaka mingi, hawakuwa na mlango wa kuingilia. Hali hiyo imebadilika mijini, ingawa katika baadhi ya vijiji vya milimani mgeni wa kike bado anaweza kugeuziwa macho.

Ugiriki yenyewe haizalishi buni, na nyingi ya ile inayosagwa kwa ajili ya briki hutoka Brazil. Ajabu ni kwamba Wagiriki waliolima zao hilo walikuwa huku Afrika Mashariki: enzi za ukoloni, walowezi wa Kigiriki walimiliki mashamba ya kahawa katika maeneo ya Kilimanjaro na Meru nchini Tanganyika, mbali na mashamba yao ya mkonge.

Kuhusu afya, utafiti uliochapishwa mnamo 2013 kuhusu wazee wa kisiwa cha Ikaria, wanaosifika kwa maisha marefu, ulionyesha kuwa waliokunywa kahawa ya kuchemshwa walikuwa na mishipa ya damu inayofanya kazi vyema zaidi. Wenye mikahawa hupenda kuutaja utafiti huo. Hawataji kwamba waliochunguzwa walikuwa wachache, wala kwamba kahawa isiyochujwa ina mafuta yanayoweza kupandisha kolesteroli kwa mtu anayeinywa kwa wingi.

Wakati wa kiangazi, joto linapopita nyuzi 35, si wengi wanaotaka kahawa ya moto. Hapo ndipo frappé inapoingia. Inasimuliwa kuwa ilizuka kwa sadfa katika maonyesho ya kibiashara ya Thessaloniki mnamo 1957, pale Dimitris Vakondios, aliyekuwa akifanya kazi na wauzaji wa Nescafé, alipokosa maji ya moto ya kutengenezea kahawa yake. Alitia kahawa ya unga, maji baridi na sukari katika chombo cha kutikisia kilichokuwa kikitumiwa kuonyesha kinywaji cha chokoleti, akatikisa, na likapatikana povu zito lisilotoweka upesi. Kwa zaidi ya miaka 40 hicho ndicho kilikuwa kinywaji cha vijana wa Ugiriki. Siku hizi kimepitwa na freddo, yaani espresso iliyopigwa na barafu, iliyoanza kuenea katika miaka ya 1990. Freddo ni tamu zaidi, lakini mgeni anayetaka kuonja Ugiriki ya baba zao na aombe frappé.

Bei ya kahawa hizo zote si ndogo kama ilivyokuwa. Mnamo 2017, katika jitihada za kutimiza masharti ya wakopeshaji wake, serikali ya Ugiriki ilianzisha ushuru maalumu wa kahawa. Wananchi walilalamika kwamba wameguswa pabaya, nao wenye mikahawa midogo wakaongeza bei.

Ama kwa upande wa vileo, kuna kanuni moja inayotangulia zote: Mgiriki hanywi tumbo tupu. Ouzo, tsipouro na divai huandamana na meze, yaani visahani vya vitafunio kama vile zeituni, jibini, pweza wa kuchoma, dagaa wa kukaanga au matango. Kulewa hadharani si sifa, na mlevi anayeyumbayumba katika miji ya kitalii aghalabu ni mgeni. Kinywaji humiminwa kwa ajili ya wenzako kwanza, glasi hugonganishwa, na husemwa "yamas", maana yake afya yetu.

Ouzo ndiyo inayojulikana zaidi nje. Hutengenezwa kwa kileo kilichokenekwa pamoja na mbegu za anisi, kiungo chenye harufu inayokaribiana na ya shamari, na viungo vingine ambavyo kila mtengenezaji huvifanya siri ya ukoo. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataka iwe na kileo kisichopungua asilimia 37.5, na tangu 2006 hakuna nchi nyingine ya umoja huo inayoruhusiwa kuuza kinywaji kwa jina hilo isipokuwa Ugiriki na Cyprus. Kitovu chake ni kisiwa cha Lesbos, hasa mji wa Plomari, ingawa mji wa Tyrnavos ulioko Thessaly nao hudai kuwa ndiko ilikoanzia.

Ouzo ni kama maji kwa macho. Ikitiwa maji hubadilika papo hapo na kuwa nyeupe kama tui jepesi la nazi. Si uchawi. Mafuta ya anisi huyeyuka katika kileo lakini hayayeyuki katika maji, hivyo maji yanapoongezeka mafuta hayo hujitenga katika matone madogo mno yanayotawanya mwanga. Kwa sababu iyo hiyo, anayejua hutanguliza maji kabla ya barafu. Barafu ikigusa ouzo tupu, mafuta hayo huganda na kuelea juu kama magamba. Kuibugia ouzo kwa mkupuo mmoja, kama wafanyavyo baadhi ya watalii, ni kupoteza fedha na kichwa pia.

Hata hivyo, ukimuuliza mwenyeji wa Thessaly au Crete kinywaji cha nyumbani kwake, si ouzo atakayoitaja. Kwa Mthessaly ni tsipouro, na kwa Mkrete ni tsikoudia, ambayo pia huitwa raki. Vyote viwili hukenekwa kutokana na makapi ya zabibu yaliyobaki baada ya kukamua divai. Tsipouro huweza kuwa na anisi au kutokuwa nayo, na mhudumu lazima aambiwe. Tsikoudia haiwi nayo kamwe, na hapo huwachanganya wageni waliotoka Uturuki ambako rakı ni kinywaji cha anisi.

Mji wa bandari wa Volos ndio makao makuu ya tsipouro. Wakimbizi wa Kigiriki waliofukuzwa Asia Ndogo baada ya vita vya 1922 walijikusanya huko wakiwa na njaa, ujuzi wa kupika na kiu ya kusahau. Vilabu vyao, tsipouradika, vina utaratibu ambao haupo kwingineko: mteja haagizi chakula. Anaagiza kichupa kidogo cha tsipouro, na kichupa hicho huja na kisahani cha meze alichochagua mpishi. Akiagiza cha pili, huja kisahani kingine tofauti, na inaaminika kwamba visahani huboreka kadri vichupa vinavyoongezeka. Asiyejua kujizuia hutambua umuhimu wa kuhesabu anaposimama.

Nchini Crete, msimu wenyewe ni Oktoba na Novemba. Familia hukusanyika penye kazani, mtungi mkubwa wa shaba ulioinjikwa juu ya moto wa kuni, makapi yakatiwa ndani, na mvuke ukapitishwa katika bomba lililozamishwa kwenye maji baridi hadi ukawa tone. Viazi huchomwa kwenye majivu, nyama ya nguruwe hukaangwa, na majirani huja bila mwaliko. Kiowevu cha kwanza kutoka, protoraki, ni kikali mno, na mpishi mwangalifu hukitenga.

Mkenya anayeyaona hayo atakumbuka chang'aa, na ulinganisho huo si wa kejeli. Mtambo unafanana. Tofauti ni kwamba Ugiriki haikuwakimbiza wakulima wake vichakani. Iliwapa haki ya kukeneka makapi yao kwa muda mfupi kila mwaka, kwa leseni na kwa ushuru mdogo, ndiposa wakaitwa "wa siku mbili". Kenya ilihalalisha chang'aa kwa sheria ya 2010, lakini kwa masharti ya viwango na chupa ambayo mpishi wa kijijini hawezi kuyamudu.

Haki hiyo ya wakulima wa Ugiriki nayo imetikiswa. Mnamo Julai 11, 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba Ugiriki ilikiuka sheria kwa kuitoza tsipouro na tsikoudia ushuru wa chini kuliko ule wa vinywaji vikali vingine kama wiski na vodka. Ouzo haikuguswa kwa kuwa ina msamaha wake ulioandikwa katika sheria za umoja huo. Wakulima waliona kwamba kinywaji cha viwandani kimelindwa huku cha shambani kikiadhibiwa, na ni vigumu kuwalaumu. Serikali ililazimika kuipitia upya sheria yake.

Kinywaji kinachowagawa wageni kuliko vyote ni retsina, divai nyeupe yenye ladha ya utomvu wa msonobari. Wagiriki wa kale waliziba mitungi yao ya udongo kwa utomvu ili hewa isiichachushe divai, na ladha hiyo ikapenya ndani. Mapipa ya mbao yalipokuja haja ya utomvu ikaisha, lakini watu walikuwa wamekwisha kuizoea. Leo utomvu hutiwa kidogo wakati zabibu zinapochachuka, kisha huchujwa. Wengine husema ni kama kunywa rangi ya mlango. Retsina mbovu iliyouzwa kwa watalii katika miaka ya 1960 na 1970 ilichangia sana dhana hiyo, lakini zipo za sasa zilizotengenezwa kwa uangalifu, na zikinywewa baridi pamoja na samaki wa kukaanga huweza kumgeuza mpinzani.

Divai za Ugiriki zisizo na utomvu zinahitaji makala yake. Itoshe kutaja ile nyeupe ya Santorini inayotokana na zabibu za assyrtiko. Mizabibu ya kisiwa hicho husokotwa chini ardhini kama vikapu ili upepo usiipeperushe, na kwa kuwa mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya katika karne ya 19 hakuweza kuishi katika mchanga huo wa volkano, mingi ingali juu ya mizizi yake ya asili. Ukame na joto viliyapunguza sana mavuno ya 2023 na 2024, huku mahoteli yakizidi kuwania ardhi. Chupa ya divai hiyo si rahisi, na haielekei kuwa rahisi.

Baada ya mlo huja vileo vitamu. Kinachostahili kutangulizwa ni mastiha ya kisiwa cha Chios. Utomvu wake hutoka kwenye miti ya vijiji vya kusini mwa kisiwa hicho. Wakulima huchanja magome wakati wa kiangazi na kusubiri matone yagande kama machozi. Enzi za Waosmani, vijiji hivyo vililipa kodi yao kwa utomvu huo. Umoja wa Ulaya uliulinda kisheria mnamo 1997, na UNESCO ikauorodhesha ujuzi wa kuilima miti hiyo mnamo 2014, miaka miwili baada ya moto mkubwa kuteketeza sehemu ya mashamba. Kileo chake hunywewa baridi, katika glasi ndogo, na harufu yake ni ya msitu.

Kisiwa cha Naxos kina kitron, kinachokenekwa kutokana na majani ya tunda la jamii ya malimau lenye ganda nene. Cha kijani ni kitamu na si kikali, cha manjano ni kikali zaidi, na kisicho na rangi kiko katikati. Patras ina tentura, yenye mdalasini na karafuu. Wakati wa baridi, rakomelo, yaani raki iliyopashwa moto na asali, hutumiwa hata kama dawa ya mafua, ingawa haiyaponyi. Metaxa, iliyoanzishwa na Spyros Metaxa mnamo 1888, huchanganya brandi na divai tamu. Bia ipo, na ni bia.

Onyo moja linahitajika. Katika baadhi ya vilabu vya miji ya kitalii huuzwa pombe iliyoghushiwa ambayo wenyeji huiita "bomba". Bei ya kutupa na chupa isiyofunguliwa mbele ya mteja ni dalili za kutosha za kuondoka. Kiwango cha kileo kwa dereva ni gramu 0.5 kwa lita ya damu, na kwa waendesha pikipiki na madereva wapya ni 0.2, yaani takribani hakuna. Asiyetimiza umri wa miaka 18 hauziwi.

Anayetaka kurudi nyumbani na chupa aiweke katika mzigo unaosafirishwa chini ya ndege, kwani haitaruhusiwa mkononi isipokuwa imenunuliwa ndani ya uwanja. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mwenye umri unaozidi miaka 18 kuingiza bila ushuru lita moja ya pombe kali au lita mbili za divai. Briki ya shaba haina ushuru wa kuogofya, na kwa kuwa buni ya Kenya ni miongoni mwa bora duniani, kinachohitajika ni kinu cha kuisaga hadi ikawa unga.